Dada yangu anatakiwa kutolewa bandama ili ugonjwa ujulikane. Hii imekaaje?

FundiWaMsimbazi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, maana hapa nyumbani tumegawanyika pande mbili na mgonjwa mwenyewe yuko katikati anatutazama.

Dada yangu ana miaka 43, anapika vitumbua na chapati Temeke. Tangu mwaka jana mwezi wa nane alikuwa analalamika tumbo upande wa kushoto linajaa. Akila kitumbua kimoja na chai anashiba kama katoka kwenye pilau la harusi. Tukadhani vidonda vya tumbo, akameza zile dawa za kila mtu, wapi. Akaanza kukonda, mashavu yakaingia ndani, tumbo likabaki palepale. Wateja wakaanza kumpa hongera ya mimba.

Hospitali, daktari aliweka tu mkono chini ya mbavu akasema "mama, hii ni bandama", akachora mstari kwa kalamu pale inapoishia. Mstari ulipita kitovu. Utrasaundi ikasoma sentimita 23. Tumeambiwa kwa mtu mzima kawaida haizidi 12 hivi.

Damu 7.4, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) 52. Kapimwa malaria, Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu, selimundu, vyote hamna kitu. Siti skani inaonyesha bandama kubwa lakini haina uvimbe ndani yake. Kachomwa sindano ya nyonga kutoa uboho. Hapo alilia, na huyu si mtu wa kulia, kajifungua watoto wanne bila kupiga kelele. Majibu ya uboho yakasema kuna chembe nyeupe za aina fulani zimezidi kidogo, ila hazitoshi kusema ni ugonjwa gani.

Sasa madaktari wamekaa kikao wakasema itolewe bandama yote ipelekwe maabara, ndipo wajue. Na kwamba kuitoa kwenyewe kutakuwa ni sehemu ya tiba. Baba mkubwa aliposikia akauliza, "Tangu lini mtu akapasua boga zima ili ahesabu mbegu?" Yeye anataka apelekwe kwa mzee mmoja Mbagala anayechanja chale. Na kweli dada ana chale za zamani, vistari vinane upande huohuo wa kushoto, alichanjwa utotoni. Baba mkubwa anasema ugonjwa ni uleule, ni dozi tu haikuisha.

Mimi nauliza: kweli kiungo kizima kinatolewa kwa ajili ya kipimo? Hawawezi kuchukua kipande kwa sindano? Na akishatolewa ataishije, na mbu wetu hawa?

DogoWaGoba

Mkuu bandama haina kazi, ni kama kidole tumbo. Toa, maisha yaendelee.

MamaShamimu_Tabata

Kaka yangu pole sana na kuuguza. Wewe wa Goba nitakurudia, kaa hapohapo.

Mimi sina bandama tangu Machi 2019. Nina miaka 51, nauza vitenge, na hadithi ya dada yako nimeisoma nikaona kama umeandika yangu, toa vitumbua weka maandazi. Hata hongera za mimba nilipewa, tena na mama mkwe.

Swali lako la kipande nililiuliza vilevile. Daktari wangu akaniambia nifikirie sponji iliyolowa damu. Ini ukilitoboa huwa linajiziba upesi zaidi, bandama inaweza ikavuja kimyakimya ndani ya tumbo na hakuna mahali pa kuikandamiza. Na mtu mwenye chembe sahani 52 damu yake haigandi vizuri. Halafu kile kipande chenyewe ni uzi tu, unaweza kuchomwa, ukavuja, na jibu lisipatikane. Nikaelewa. Sikupenda, ila nikaelewa.

Kuhusu kuwa tiba: bandama kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, inatoa chembe zilizozeeka. Ikivimba hivyo inakuwa kama mlinzi mlevi getini, inakamata hata wasio na kosa. Ndiyo maana damu inashuka na chembe sahani zinashuka. Mimi niliingia thieta na damu 7.1, baada ya miezi miwili bila kuongezewa nilikuwa 11. Chembe sahani ndiyo usiseme, siku ya kumi zilifika 870 wakaanza kuogopa damu isigande ndani, nikapewa aspirini kwa muda. Mwambie dada yako akirudi nyumbani halafu tumbo likaanza kuuma upya au mguu ukavimba, asikae. Arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya upasuaji kuna chanjo, maana bandama ndiyo inayosaidia kupambana na bakteria fulani. Hili usikubali lipite. Ni tatu: ya kichomi, ya uti wa mgongo na ya bakteria wanaoitwa Hib, na zinatakiwa zimalizwe angalau wiki mbili kabla ya kisu. Watoto wetu wanachanjwa kichomi na Hib kliniki, mtu mzima inabidi uzitafute. Ya uti wa mgongo nilichanjiwa kwenye kliniki ya wasafiri, nimepanga foleni na mahujaji. Sista akaniuliza, "Mama, Makka mwaka huu?" Nikamjibu, "Hapana mwanangu, naenda kutolewa bandama." Foleni nzima iligeuka.

Upasuaji wenyewe sitakudanganya. Ukisikia watu wanatolewa kwa matundu madogo, hiyo mara nyingi ni kwa bandama zisizo kubwa hivi. Yetu sisi ni mpasuo mrefu, wangu unaanzia chini ya chembe ya moyo unapita kitovu. Niliamka na mpira puani, mpira ubavuni, mpira wa mkojo. Siku ya pili sista alifunga glavu mdomoni kama puto akaniambia nipulize mara kumi kila saa, pafu la kushoto lisilale. Nilimchukia yule binti. Kila pumzi naona nyuzi zinakatika. Sasa hivi nikikutana naye namnunulia soda.

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia, na ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Nilipotoka thieta ilikuwa Ijumaa alasiri. Mume wangu akaitwa mlangoni akakabidhiwa ndoo aipeleke maabara ya patholojia. Ile ndoo ilikuwa ya rangi, lita nne, na bandama yangu ilikuwa kilo 2 na gramu 100. Anasema ilikuwa imeshindiliwa kama nguo kwenye begi, ile dawa ya kuhifadhi, formalini, haikufunika hata juu yake. Hajui, kabeba. Maabara kafika wanafunga, wakaipokea wakaiweka chini ya meza. Jumatatu wakagundua fomu haina namba ya faili. Ikakaa mpaka Jumatano wakati yeye anakimbia huku na huku kutafuta saini.

Baada ya wiki mbili karatasi ikaja: sampuli imeharibika sehemu kubwa. Katikati ilikuwa imeoza. Niliisoma ile karatasi nikiwa na nyuzi 31 tumboni. Kaka, nimefunguliwa tumbo ili jibu lipatikane, jibu limeozea chini ya meza.

Mungu saidia, pembeni ambako dawa ilifika palikuwa pazima. Mtaalamu mmoja, simjui kwa sura mpaka leo, alirudia kukata vipande vya pembeni akavipaka rangi maalum. Wiki ya tano wakaniita: limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, inayoanzia kwenye bandama, ile ya ukanda wa pembeni, aina inayokwenda polepole. Sijapewa dripu ya saratani mpaka leo, naenda kliniki kila miezi sita wananishika tumbo na kupima damu. Dada yako anaweza kuwa na kitu kingine kabisa, usichukue yangu ukampa yeye.

Kwa hiyo, mkishaamua itolewe, gaweni kazi. Mmoja akae na mgonjwa, mmoja akae na bandama.

Maisha baada ya hapo. DogoWaGoba, sasa wewe. Kidole tumbo ukitolewa hakuna anayekuambia homa yako ni dharura maisha yako yote. Mwaka 2022 Jumapili usiku nilianza kutetemeka saa nane. Mume wangu akasema meza Panadol tusubiri kuche. Nikamwambia chukua bajaji. Mapokezi kijana daktari anaandika jina taratibu, nikamwambia "baba, mimi sina bandama", akaacha kalamu. Ndani ya saa moja nilikuwa na dawa ya bakteria kwenye mshipa. Kilikuwa kichomi cha pafu la kulia, nikalazwa siku sita. Daktari wa wodi aliniambia ningesubiri asubuhi tungekuwa tunaongea mengine.

Nyuma ya kava la simu nina karatasi: SINA BANDAMA, HOMA KWANGU NI DHARURA. Chandarua kila siku, hata nikienda msibani nabeba changu. Mbwa akining'ata au kunikwaruza nakwenda hospitali kwa ajili ya bakteria wa mate yake, achilia mbali kichaa. Mambo si magumu, ila hayana likizo.

KiooNaDarubini

Dada MamaShamimu umeandika vizuri kuliko mihadhara niliyosikia. Mimi nipo maabara ya patholojia, sitasema wapi, na habari ya ndoo ya rangi imeniuma kwa sababu naijua.

Fundi, formalini inapenya kwenye nyama polepole mno, kama milimita moja kwa saa, na ikishaingia ndani mwendo unapungua zaidi. Bandama nzima ya kilo mbili ukiitumbukiza hivyohivyo, pembeni inahifadhika, katikati inapikika na joto la Dar. Inatakiwa ikatwe vipande vyembamba, unene wa sentimita moja au chini, ikiwa bado mbichi, ndipo iwekwe kwenye dawa nyingi. Kwa hiyo ongeeni na daktari mpasuaji mapema, yeye awasiliane na maabara: bandama inakuja siku fulani, saa fulani, ipokelewe mbichi na ikatwe papo hapo. Ombeni upasuaji usiwe Ijumaa kama inawezekana. Ndoo iwe ya mdomo mpana, kwa sababu nyama ikigandishwa na dawa inakakamaa, tunaishia kuivunja ili itoke. Jina, namba ya faili na tarehe viandikwe kwenye ndoo yenyewe, siyo kwenye mfuniko. Mifuniko inabadilishana.

Na fomu iandikwe historia kamili. "Bandama kubwa" peke yake hainisaidii, hiyo nitaiona.

Kwa baba mkubwa: hoja yake ya boga siyo ya kijinga. Zamani ilifanyika sana. Miaka ya 1960 na 1970 huko Marekani na Ulaya wagonjwa wa limfoma ya Hodgkin walikuwa wanafunguliwa tumbo na kutolewa bandama ili tu ijulikane ugonjwa umefika wapi. Siti skani zilipokuwa nzuri na dawa zikawa nzuri, wakaacha. Siku hizi kutoa bandama ili kujua ugonjwa ni hatua ya mwisho. Wapo hata wanaochukua kipande kwa sindano wakiongozwa na utrasaundi, ila inataka mikono iliyozoea, na hofu ya kuvuja aliyoisema dada ipo.

Hatari za kuishi bila bandama nazo zilianza kuandikwa zamani. Mwaka 1952 King na Shumacker waliripoti watoto wachanga watano waliotolewa bandama halafu wakaja kushambuliwa na maambukizi makali. Ndiyo maana mtoto mdogo madaktari husubiri, wakiweza, mpaka avuke miaka mitano au sita.

Sasa, mimi kilichonishtua kwenye maelezo yako ni chale. Dada yako alikulia wapi? Mtoto anachanjwa chale upande ule kwa sababu watu wazima waliiona bandama imevimba. Sababu zake kubwa kwetu ni malaria za kujirudia, na kwa watu wa Ziwa, kichocho cha tumbo. Kichocho kinakaza ini, damu inakosa njia, inarudi nyuma, bandama inafura. Mtu wa hivyo anaweza hata kuwa na mishipa iliyovimba kooni ikapasuka akatapika damu, na hiyo inaonekana kwa kamera ya kooni. Na kuna bandama ya malaria ya muda mrefu, ambayo kipimo cha malaria kinaweza kuwa hasi kabisa kwa sababu tatizo ni kinga iliyochachamaa, siyo wadudu wengi. Hiyo inapimwa kingamwili ya IgM, inakuwa juu sana, na inatibiwa kwa dawa za malaria za kunywa kwa miezi, bandama inarudi yenyewe. Chini ya darubini inaweza kufanana na limfoma kiasi cha kutuchanganya sisi wenyewe.

Na muulizeni daktari kama zile chembe nyeupe za kwenye uboho zilipimwa kwa alama zake, zile za juu ya chembe zinazoonyesha ni za aina gani. Wakati mwingine hizo alama zinatosha kutaja limfoma bila kisu, na ile aina ya MamaShamimu siku hizi wengi wanaanza na dripu badala ya upasuaji. Sisemi madaktari wenu wamekosea. Inawezekana haya yote wameyapitia na hawakuwaeleza.

FundiWaMsimbazi

Mkuu KiooNaDarubini, nimesoma nikakaa chini. Dada kakulia Sengerema mpaka darasa la saba, akiteka maji na kuogelea ziwani kama samaki. Kwenye faili pameandikwa "mkazi wa Temeke". Hakuna aliyemuuliza, na sisi hatukusema kwa sababu tuliona ni mambo ya miaka thelathini iliyopita.

Kesho naenda naye kliniki, na hizi chale nitamwomba daktari azitazame.

MamaShamimu_Tabata

Nenda. Na uandike maswali kwenye karatasi, ukifika mle ndani utasahau hata jina lako.

DogoWaGoba

Nimekaa hapohapo mama. Samahani.

FundiWaMsimbazi

Wakuu, wiki nne baadaye, narudi kama nilivyoahidi.

Daktari hakukasirika. Alizitazama chale muda mrefu, akazihesabu kwa kidole, akasema "hizi ndiyo rekodi ya kwanza ya ugonjwa wako". Akamrudisha utrasaundi kuangalia mshipa mkubwa wa ini, akampeleka kamera ya kooni, akapima IgM na kichocho. Mshipa uko kawaida, kooni pasafi, kichocho hamna. IgM iko juu kidogo, ila siyo kwa kiwango cha ile bandama ya malaria. Alama za chembe nyeupe zilipimwa kwenye damu, zinaelekea kwenye limfoma lakini hazitaji ni ipi. Wakati huo chembe sahani zimeshuka mpaka 38 na dada anashindwa kulala chali. Wakasema sasa hata kama jibu lingekuwepo, hii bandama yenyewe ni mzigo.

Dada kaamua mwenyewe. Alitukusanya sebuleni akasema tumbo ni lake na amechoka kulibeba.

Chanjo zote tatu kamaliza, ya mwisho Jumanne ya wiki iliyopita. Kwenye foleni ya mahujaji aliulizwa swali lilelile, MamaShamimu, nikacheka peke yangu kama chizi. Wachangiaji damu tumepatikana sita, wanne ni mafundi wenzangu hapa Msimbazi. Upasuaji ni Jumatatu ya tarehe 17, asubuhi. Daktari mpasuaji keshaongea na maabara, kuna mtu atapokea na kukata siku hiyohiyo. Kwenye fomu nimehakikisha limeandikwa neno Sengerema.

Ndoo nimenunua Kariakoo, lita 20, mdomo mpana, nyeupe. Jina na namba ya faili nimeandika ubavuni kwa kalamu ya wino usiofutika ile tunayoandikia simu za wateja. Baba mkubwa bado hajakubali, anasema tunapasua boga. Ila kasema ndoo ataibeba yeye, hana imani na vijana.